Foleni Iliyojificha: Kwa Nini Mtandao wa Nyumbani Hukwama Bila Sababu

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma matatu hivi, na sababu ya kimya hicho ndiyo hadithi ya leo. Nilikuwa napigana na mtandao wa nyumbani kwangu. Nilishindwa mara kadhaa, nikagombana na ndugu yangu mdogo, nikatumia pesa ambazo sikupaswa kuzitumia, na mwishowe nikajikuta nasoma waraka wa mwaka 1985. Kwa hivyo leo si makala ya bofya hapa, bofya pale. Ni historia. Lakini ukivumilia mpaka mwisho huenda ukaokoa shilingi elfu saba.

Tatizo lilikuwa hivi. Ninaishi na ndugu yangu katika fleti ya vyumba viwili huku Roysambu, na tuna faiba ya megabiti 5 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Mchana, hasa wikendi, kila kitu shwari. Ikifika kama saa mbili usiku, mambo yanageuka. Ukurasa mmoja unafunguka papo hapo, unaofuata unakaa sekunde nne, wa tatu unafunguka papo hapo tena. Simu ya video inaganda, kisha maneno yote yanakuja kwa mkupuo kama ya mtu aliyezibwa mdomo akaachiliwa. Dakika tano baadaye, shwari kabisa. Ukipima kasi unaambiwa megabiti zako zipo. Na kuna usiku tatizo halitokei hata kidogo.

Ningeishi nalo, kama tunavyoishi na mengi, lakini lilinikuta siku ya mahojiano ya kazi. Wahojaji walikuwa nchi ya mbali, kwa hivyo tulipanga saa mbili na nusu usiku wa huku. Niliganda mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa katikati ya kueleza jinsi ninavyotatua hitilafu kwenye mifumo! Kazi sikupata. Sisemi ni kwa sababu ya mtandao, lakini unaelewa nilivyojisikia.

Nikaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza alikuwa ndugu yangu.

"Unapakua nini usiku?"

"Kaka, mimi sipakui kitu. Nasoma tu."

Sikumwamini. Nikabadilisha neno la siri la Wi-Fi, nikamnyima. Usiku huo, shwari. Usiku uliofuata, shwari. Nikajipiga kifua. Kumbe ilikuwa bahati tu, kama utakavyoona. Yeye naye, bila kulalamika, akaanza kushuka saiba kila jioni kutuma kazi zake za chuo. Siku ya tatu tatizo likarudi, na sasa sikuwa na mtu wa kulaumu, kwa hivyo nikalaumu hewa. Nikatoa shilingi 7,000 nikanunua kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi, nikakipachika ukutani sebuleni. Hali ikawa mbaya zaidi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi angelifanya siku ya kwanza. Nilifungua madirisha mawili ya ping. Moja likaita ruta yangu mwenyewe, la pili likaita seva iliyo nje ya nyumba. Nikayaacha yatembee jioni nzima.

Nisimame kidogo kwenye hiyo ping, maana ina historia yake. Iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani. Alikuwa na mtandao uliokuwa na tabia za ajabu, akakaa chini akaandika programu hiyo kwa jioni moja. Jina alilitoa kwenye sauti ya sona, kile chombo cha nyambizi kinachotoa mlio na kusubiri mwangwi. Wazo lenyewe ni la mtoto: nakuita, unaitika, nahesabu muda. Muuss alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2000, na programu yake ya jioni moja iko kwenye karibu kila tarakilishi unayoijua. Wengi wanaitumia kuuliza kama mtandao upo au haupo. Hilo ni swali dogo. Swali kubwa ni je, muda unabadilika? Na unabadilika wapi?

Kwangu jibu lilikuja saa mbili na dakika kumi. Ruta yangu iliendelea kuitika kwa milisekunde 3, 4, 3, 3. Seva ya nje, ambayo mchana ilikuwa ikiitika kwa milisekunde 12, ikapanda: 90, 400, 900, 1,400. Ikakaa hapo dakika nne. Kisha ikaporomoka mpaka 12 tena.

Tazama vizuri namba hizo. Safari ya kutoka tarakilishi yangu hadi ruta, yaani ile sehemu ya hewani, haikuwa na shida. Kwa hivyo zile 7,000 nilizitupa. Na tazama jambo la pili: hakuna pakiti iliyopotea. Zote zilifika. Zilichelewa tu, sekunde moja na nusu karibu, kwenda mahali palipo umbali wa milisekunde 12. Zilikuwa wapi muda huo wote?

Kabla sijajibu, niwakumbushe wale wenye umri wangu na kuwaeleza wadogo. Kabla ya mwaka 2009 hatukuwa na kebo ya baharini hapa Afrika Mashariki. Intaneti yetu na ulimwengu ilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: mara nne, kama kilomita 143,000. Mwanga wenyewe unahitaji karibu milisekunde 480 kwa safari hiyo, hata ukiwa na mitambo ya dhahabu. Kisha Julai 2009 SEACOM ikawashwa kupitia Mombasa, na kebo ya TEAMS ikafuata, na tukaambiwa enzi ya kusubiri imekwisha. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Sasa miaka yote hii baadaye, nina faiba ndani ya nyumba, na pakiti yangu inachukua muda unaokaribia mara tatu ya ule wa kwenda angani na kurudi. Unaona kwa nini sikulala.

Jibu ni kwamba zilikuwa kwenye foleni. Na kisa cha foleni hiyo kinaanzia mbali.

Mwaka 1985, Desemba, mhandisi aitwaye John Nagle, wa kampuni ya Ford Aerospace, alichapisha waraka mfupi unaojulikana kama RFC 970. Aliuliza swali ambalo wakati huo lilionekana kama mzaha: itakuwaje mashine za kupitisha pakiti zikiwa na hifadhi isiyo na kikomo? Wakati huo kumbukumbu ilikuwa ghali, mashine zilijaa haraka na kumwaga pakiti, na kila mtu aliamini kwamba hifadhi zaidi ingemaliza shida. Nagle akaonyesha kinyume. Kila pakiti hubeba kikomo cha muda wa kuishi. Foleni ikiwa ndefu bila mwisho, pakiti zitakaa humo mpaka muda wake uishe, na zikifika mlangoni zitatupwa. Mtandao utakuwa na kazi nyingi kweli kweli, na hautafikisha kitu. Tiba aliyopendekeza ni hii: kila mtumaji apewe foleni yake, na mashine ichukue pakiti kwa zamu, moja kutoka kwa huyu, moja kutoka kwa yule. Mwenye pupa ajichelewesha mwenyewe.

Weka wazo hilo mfukoni. Litarudi baada ya miaka 27.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1986, mtandao ulianguka kweli. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kuna umbali wa yadi 400, mwendo wa kutoka stendi hadi kioski. Kasi kati ya sehemu hizo mbili iliporomoka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Biti, si kilobiti. Van Jacobson, aliyekuwa maabara hapo, alitaka kujua kwa nini, na akakuta kwamba tarakilishi zenyewe ndizo zilizokuwa zikiua mtandao. Kila moja ilipoona jibu limechelewa, ilidhani pakiti imepotea na kuituma tena, na hivyo kuongeza mzigo kwenye barabara iliyokwisha kujaa.

Suluhisho lake, alilolieleza na Mike Karels mwaka 1988, bado ndilo msingi wa TCP leo. Mtumaji aanze polepole, aongeze mwendo kidogo kidogo, na akiona pakiti imepotea ajue barabara imejaa, apunguze mara moja. Hapa ndipo penye kiini cha makala yote haya, kwa hivyo nitarudia kwa maneno mengine: katika mpango wa Jacobson, kupotea kwa pakiti si ajali. Ni ujumbe. Ndiyo njia ya mtandao kumwambia mtumaji "taratibu".

Fikiria stendi ya matatu katikati ya jiji saa kumi na mbili jioni, mvua imenyesha. Foleni imezunguka jengo. Ukifika mkiani ukaona haiendi, utakwenda kunywa chai urudi baadaye, au utajaribu njia nyingine. Foleni fupi inayojaa na kukataa watu inakupa habari. Sasa fikiria mwenye stendi, kwa wema wake, amejenga ukumbi mrefu wa kilomita moja wenye paa na viti, ili abiria yeyote asirudishwe. Watu wataendelea kuingia tu. Hakuna atakayejua kumejaa mpaka awe ndani. Magari ni yale yale, idadi ya wanaosafiri kwa saa ni ile ile, lakini kila mtu sasa anachelewa saa mbili. Na mgonjwa anayetaka kusafiri kituo kimoja tu naye yumo humo humo nyuma ya wote.

Ukumbi huo ulijengwa. Hakuna aliyeagiza, ulijengwa kidogo kidogo. Kumbukumbu ikawa rahisi mwaka hadi mwaka. Watengenezaji wa modemu na ruta walipimwa kwa jambo moja, kasi, na pakiti iliyopotea ilihesabiwa kama dosari ya kifaa. Mhandisi akiona bafa inajaa, anaiongeza. Wataalamu hawakunyamaza. Mwaka 1993 Sally Floyd na Jacobson walitoa njia iitwayo RED ya kutupa baadhi ya pakiti mapema, kabla foleni haijajaa, na mwaka 1998 RFC 2309 ikapendekeza wazi kwamba mitambo ya intaneti idhibiti foleni zake kwa namna hiyo. Lakini RED ilihitaji kurekebishwa vigezo kwa mkono kulingana na kila mahali. Nani angekuja kurekebisha vigezo kwenye modemu iliyo nyuma ya televisheni yako? Ikabaki kwenye makaratasi.

Uone hesabu ilivyo mbaya. Chukua bafa ya kilobaiti 256. Kwa barabara ya megabiti 10 kwa sekunde, inajaa kusubiri kwa sekunde 0.2. Si nzuri, lakini utaishi. Chukua kifaa hicho hicho ukiweke kwenye nyumba yenye megabiti 1 ya kutuma, kama nyumba nyingi zilivyokuwa. Sasa ni sekunde mbili nzima. Kwa maneno mengine, kadiri mtandao wako ulivyo wa pole, ndivyo kifaa kile kile kinavyokuadhibu. Kwangu mimi, milisekunde 1,400 kwa megabiti 5 ni sawa na kilobaiti 875 zilizopanga foleni zikingoja kutoka nyumbani. Sauti yangu ya mahojiano ilikuwa mkiani.

Sasa tufike mwaka 2010, nyumbani kwa Jim Gettys, Massachusetts. Huyu si mtu wa kubahatisha. Ni mmoja wa walioanzisha X, mfumo wa madirisha uliobeba Unix na Linux kwa miaka mingi, alikuwa mhariri wa kiwango cha HTTP/1.1, na aliwahi kuongoza kazi ya programu kwenye mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto. Wakati huo alikuwa Bell Labs. Na mtandao wa nyumbani kwake ulikuwa ukikwama kwake. Watoto wanalalamika, baba anaanza kuchunguza, tatizo linatoweka. Siku moja alikuwa akinakili mafaili makubwa kutoka nyumbani kwenda MIT, akapima, akaona ucheleweshaji umepita sekunde moja. Mchawi alikuwa yeye mwenyewe. Alipokuwa akituma mafaili, modemu ilijaza ukumbi wake. Alipoacha ili achunguze, ukumbi ulimwagika na ushahidi ukapotea.

Mtu wa kawaida angeishia hapo. Gettys akaenda kuwauliza waliojenga intaneti, akiwemo Jacobson na Vint Cerf, kama anaota. Hakuwa akiota. Akaikuta hali hiyo kwenye ruta za nyumbani, na hata ndani ya laptopu yake mwenyewe. Watafiti wa Berkeley waliokuwa na chombo kiitwacho Netalyzr walikuwa tayari na vipimo kama 130,000 kutoka nyumba za watu, na vilionyesha bafa zilizopita kiasi zimeenea kila mahali. Mwishoni mwa mwaka 2010 Gettys akalipa tatizo jina, bufferbloat, yaani kuvimba kwa bafa, na jina hilo likashika. Mimi naamini jina lilisaidia kuliko vipimo. Kitu kisicho na jina huwezi kumlalamikia mtu wa huduma kwa wateja, ataishia kukwambia uzime uwashe.

Tiba ilikuja Mei 2012 kutoka kwa Kathleen Nichols na, naam, Van Jacobson yule yule, miaka 26 baada ya zile yadi 400. Wanaiita CoDel. Uzuri wake ni kwamba haiangalii urefu wa foleni hata kidogo. Foleni ndefu inayokwenda haraka haina shida. Inaangalia muda: kila pakiti ikiingia inagongwa mhuri wa saa, ikitoka inaulizwa umekaa humu muda gani. Ikiwa kwa milisekunde 100 mfululizo hata ile iliyosubiri kidogo kuliko zote imezidi milisekunde 5, basi hiyo si foleni ya kupita, ni ya kuweka makazi, na CoDel inaanza kutupa pakiti mojamoja mpaka watumaji waelewe. Hakuna kigezo cha kurekebisha kwa mkono. Inafanya kazi nyuma ya televisheni bila kuguswa.

Kisha Eric Dumazet akaichanganya CoDel na foleni za zamu, kila mazungumzo foleni yake, na Julai 2012 mchanganyiko huo, fq_codel, ukaingia katika Linux 3.5. Foleni za zamu! Toa lile wazo la Nagle mfukoni. Lilikuwa limekaa wazi kwenye waraka wa kurasa chache ambao mtu yeyote angeusoma bure.

Aliyelisukuma jambo hili mitaani zaidi ya wote ni Dave Täht. Yeye hakuwa profesa. Tangu mwaka 2011 aliongoza CeroWrt, toleo la programu ya ruta lililotumika kama uwanja wa majaribio, na kila lililofaulu lilihamishiwa kwenye OpenWrt na kwenye kerneli ya Linux yenyewe, ambako kila mtu angelipata bure. Alifariki Aprili 2025. Simu nyingi za video zinazofanyika leo bila kuganda zina deni kwake, na wanaozipiga hawajui jina lake.

Sasa turudi kwangu, maana nilisema hewa haina hatia. Nilisema mapema mno.

Nilipokuwa nimefurahia ugunduzi wangu, nilimrudishia ndugu yangu neno la siri (nitafika hapo) na nikamwomba apime kutoka chumbani kwake, nyuma ya kuta mbili za mawe. Kwake hata ile ping ya ruta, ambayo kwangu ilikuwa 3, ilikuwa ikiruka hadi 300 akitazama video. Hiyo ni foleni ya pili, na hii kweli ni ya Wi-Fi.

Wi-Fi ina asili ya kugombania. Babu yake ni ALOHAnet ya mwaka 1971, ambapo Norman Abramson na wenzake waliunganisha visiwa vya Hawaii kwa redio, kila kituo kikirusha kinapotaka na, kikigongana na kingine, kingoje muda wa kubahatisha kisha kirudie. Wi-Fi ni mstaarabu zaidi, husikiliza kwanza kabla ya kusema, lakini mchezo ni ule ule. Na inachezwa mahali pa ovyo. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu matumizi bila leseni kwenye masafa ambayo tayari yalikuwa yameachiwa mashine za viwandani na oveni za maikrowevu, na hapo ndipo pa gigahezi 2.4 tulipo mpaka leo. Kiwango cha kwanza cha 802.11 cha mwaka 1997 kilikuwa cha megabiti 1 na 2.

Ugomvi huo una kasoro iliyofichuliwa mwaka 2003 na watafiti wa Grenoble, Ufaransa. Wi-Fi huwapa wote nafasi sawa ya kusema, si muda sawa. Pakiti ya baiti 1,500 kwa kifaa kilicho karibu, kwenye megabiti 11, inachukua kama milisekunde 1.1 hewani. Kwa kifaa kilicho mbali kilichoshuka hadi megabiti 1, inachukua 12. Wakipokezana moja kwa moja, aliye mbali anakula karibu muda wote na kuwashusha wengine kwenye mwendo wake. Ongeza juu yake bafa: Linux kwa miaka mingi ilikuwa na foleni ya kawaida ya pakiti 1,000, na pakiti 1,000 kwa megabiti 1 ni sekunde 12. Ndiyo, kumi na mbili. Na kile kifaa changu cha 7,000? Kila pakiti inayopitia humo inasafiri hewani mara mbili. Nilikuwa nimenunua mgombanaji mwingine.

CoDel peke yake haikutosha hapa, kwa sababu madereva ya Wi-Fi yalikuwa na foleni zake za ndani zaidi ambazo CoDel haikuziona. Ilichukua miaka mingine mitano. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, na wenzake, Täht akiwemo, walionyesha jinsi ya kuzivunja foleni hizo za ndani na kugawa hewa kwa muda badala ya zamu. Ucheleweshaji wakati wa mzigo ulishuka mara kumi. Kazi hiyo ilikuwa imeshaingia Linux na katika toleo la LEDE la Februari mwaka huo, mradi uliokuja kuungana tena na OpenWrt. Lakini ilifanya kazi kwanza kwenye chipu chache tu, zile ambazo madereva yake yako wazi. Ruta nyingi zinazouzwa madukani hapa, na nyingi unazopewa na mtoa huduma, bado hazisemi lolote kuhusu jambo hili kwenye boksi. Zinasema kasi.

Nilichofanya ni rahisi kukisimulia. Nilikuwa na ruta ya zamani kabatini ambayo OpenWrt inaikubali. Niliiweka mbele, nikawasha usimamizi wa foleni, na nikaiambia itume megabiti 4.5 tu badala ya 5. Hiyo nusu unaitoa sadaka makusudi: ukituma kidogo chini ya kile ambacho kifaa cha mtoa huduma kinaweza, ukumbi wake haujai kamwe, na foleni inabaki kwako ambako fq_codel inaitawala. Jioni hiyo, mzigo ukiwa umejaa, ping ya nje ilikuwa 22. Chumba cha nyuma kilihitaji ruta isogezwe karibu na mlango, na kile kifaa cha ukutani king'olewe.

Na mzigo wenyewe ulikuwa nini? Nilipoangalia ni nani anayetuma saa mbili usiku, nilikuta anwani ya simu yangu. Nikitoka kazini naichomeka kwenye chaja, na simu ikiona chaja na Wi-Fi pamoja inaanza kupandisha picha na video za siku hiyo. Video ya megabaiti 150 kwa megabiti 5 ni dakika nne. Zile siku mbili shwari baada ya kumfungia ndugu yangu, sikuwa nimepiga picha yoyote. Siku ya tatu ilikuwa harusi ya binamu.

Nilimweleza yote haya, foleni, Berkeley, Nagle, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni simu yako?"

"Ni simu yangu."

"Sawa kaka. Saiba nimeenda siku kumi na sita. Arubaini kila siku."

Nikamtumia 640.